Rejista Niliyoiachia Wengine

Kwa siku tatu niliamini kosa liko kwenye hesabu yangu. Mzunguko wenyewe, nilioandika kwa lugha ya assembly, ni mdogo: weka 10 kwenye rcx, moja ya rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa), ita printf, fanksheni ya kuchapisha, ichapishe namba, punguza moja, rudi juu mpaka ifike sifuri. 10 ilitoka vizuri. Iliyofuata ikawa namba kubwa isiyoeleweka, na programu haikusimama tena.

Nilibadilisha amri ya kupunguza, kisha amri ya kuruka. Mistari ile niliisoma mpaka nikaikariri. Jana usiku ndipo nilipofungua dibaga, programu ya kukagua programu nyingine hatua kwa hatua, nikaitazama rcx kabla ya call, amri ya kuita fanksheni, na baada yake. Kabla, 10. Baada, takataka. Printf ilikuwa imeitumia kwa shughuli zake, na ilikuwa na haki hiyo.

Kwenye Linux ya biti 64, mkataba wa System V, yaani kanuni za jinsi fanksheni zinavyoitana, unasema rejista rax, rcx, rdx, rsi, rdi na r8 hadi r11 zinaweza kuvurugwa na fanksheni yoyote unayoiita. Ukizihitaji baadaye, zihifadhi mwenyewe. Lakini rbx, rbp na r12 hadi r15 ni amana: anayeitwa akizigusa, sharti azirudishe kama alivyozikuta.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wiki iliyopita mzunguko huohuo ulifika mwisho salama. Ndani yake niliita fanksheni fupi ya kwangu, ambayo haikuigusa rcx. Kosa lilikuwepo tangu siku hiyo, limelala tu, nami nikalala nikijua nimemaliza.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa push rcx (kuiweka kwenye steki, akiba ya muda kwenye kumbukumbu) kabla ya kuita na pop rcx (kuitoa humo) baada ya kurudi. Programu ikaanguka ndani ya printf kabla haijachapisha hata namba moja. Mkataba unataka anwani ya steki igawanyike kwa 16 wakati wa call, na push yangu moja iliisogeza kwa baiti 8. Hapo nilikaa muda mrefu. Nilikuwa nimeiokoa kaunta na kuvunja sharti jingine ambalo hata sikulijua.

Mwishowe nimehamishia kaunta kwenye rbx. Ila main, fanksheni ambamo programu yangu inaanzia, nayo imeitwa na mtu, na rbx ni amana ya huyo aliyeiita, kwa hiyo naanza na push rbx na kumaliza na pop rbx kabla ya ret, amri ya kurudi kwa aliyeita. Push rbp iliyokuwa mwanzoni mwa main, ambayo sikuwa naitumia kwa lolote, nimeiondoa. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha sana: ninapoingia main, steki imeshasogea baiti 8 kwa sababu ya anwani ya kurudia, basi push rbx hiyohiyo inailinganisha tena. Amri moja, kazi mbili. Namba zote kumi zikatoka.

Leo asubuhi nimepitia faili zangu za zamani na kukuta mizunguko minne yenye kaunta kwenye rcx na wito ndani yake. Mmoja niliutelekeza bila kujua kwa nini hauishi. Unaandika kwenye skrini kwa syscall, amri ya kuomba huduma kwa mfumo wa uendeshaji, na amri hiyo yenyewe hufuta rcx na r11: prosesa huweka humo anwani ya kurudia na bendera, yaani alama za hali yake. Nimeanza na huo.