Shingo ya gitaa la mtumba: nilivyoipima na kuinyoosha

Gitaa la mtumba likiwa na nyuzi zilizopaa, wengi hukimbilia briji, kile kipande cha mwilini zinakoishia nyuzi. Wanashusha vikalio vya nyuzi hadi mwisho, freti za juu, vile vyuma vilivyokingama shingoni, zinaanza kukwaruza, kisha lawama zinaangukia freti. Mimi briji siigusi mpaka nijue shingo imekaaje, maana kipimo chochote cha briji kilichochukuliwa juu ya shingo iliyopinda kinaharibika shingo ikinyooka. Nililolishughulikia safari hii ni la muundo wa Stratocaster ya kampuni ya Fender: freti 22, shingo ya mti wa mepo iliyofungwa kwa skrubu nne, na tundu la trasi rodi liko kichwani.

Trasi rodi ni ile fimbo ya chuma iliyolazwa ndani ya shingo. Thaddeus McHugh wa kampuni ya gitaa ya Gibson aliipatia hataza mwaka 1923, na kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Mvuto huo si mdogo. Seti ya nyuzi ya 010 hadi 046 (unene kwa elfu za inchi) ikityuniwa kawaida kwenye gitaa lenye nyuzi za milimita 648 kutoka nati ya kichwani, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, hadi briji huvuta kwa kama kilo 46, karibu uzito wa mfuko wa saruji. Seti ya 009 hadi 042 huvuta kama kilo 38. Ndiyo maana sikupima chochote na zile nyuzi zenye kutu lilizokuja nazo. Niliweka seti ya 010, ndiyo litakayopigiwa, nikatyuni A kwa hezi 440, nikaliacha kama saa moja, nikatyuni tena. Kama bendi yenu inashuka nusu toni, tyuni hivyo kabla ya kupima.

Jicho linatangulia. Shika gitaa kama bunduki, chungulia kutoka kichwani kwenda kwenye briji, ukifuata ukingo wa ubao wa vidole upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba. Kingo zote mbili zikiingia tumbo kwa kiasi kimoja, hilo ni la trasi rodi. Ukingo mmoja ukiwa na tumbo na mwingine umenyooka, shingo imejipinda kama kamba ya kusokotwa, na trasi rodi moja ya katikati haiwezi kuitibu. Hilo mrudishie mwenyewe.

Kipimo chenyewe hakihitaji vifaa vya bei. Nilifunga kapo, kibanio cha kubonyeza nyuzi zote, freti ya 1, nikabonyeza uzi wa E nene kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula. Tazama freti ya 8, kati ya juu ya freti na chini ya uzi. Shingo nzuri hainyooki kabisa: uzi ukipigwa hutikisika kwa upana zaidi katikati, kwa hiyo lazima lile tumbo libaki kidogo, kama bonde dogo la kuupa nafasi. Kwa ubao wa vidole wenye mviringo (rediasi) wa inchi 9.5 hadi 12, kipimo cha Fender ni milimita 0.25, kwa ule wa zamani wa inchi 7.25 ni 0.3. Mafundi magari wana fila gegi, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo, na hapa zinafaa. Usipokuwa nayo, kata kipande cha uzi mpya wa 010, ule mwembamba kabisa. Unene wake ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25 ile ile unayoitafuta. Kipenyeze juu ya freti ya 8: kikigusa freti na uzi bila kuuinua, umefika. Kikipita huku kinacheza, bonde ni kubwa. Kikiuinua uzi, bonde ni dogo. Uzi ukiwa umelalia freti hata kabla hujapenyeza kitu, shingo imebinuka nyuma, na utakuwa umeshasikia mkwaruzo kuanzia uzi mtupu hadi freti ya 4 au ya 5.

Langu lilisoma 0.7 upande wa E nene, 0.65 upande wa pili. Tumbo kubwa, lakini sawa pande zote. Urefu wa uzi juu ya freti ya 17 ulikuwa milimita 2.4.

Kabla ya kuzungusha, spana. Hapa ndipo shingo nyingi za mtumba zimeuawa. Spana ya L ya milimita 3 inaingia vizuri kwenye tundu la inchi 1/8, unaona imekaa. Lakini inchi 1/8 ni milimita 3.175. Ile nafasi ndogo iliyobaki inatosha kula kona zote sita, na tundu likishakuwa duara hakuna spana tena. Inayofaa huingia kwa kubana, na ukiitikisa haichezi. Gibson hutumia nati ya trasi rodi ya inchi 5/16, inayotaka spana ya boksi. Stratocaster za zamani zina nati yenye msalaba iliyofichwa mwisho wa shingo, ndani ya mwili: huko unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne, unazungusha, unarudisha, unatyuni, unapima. Kurudisha skrubu zile, zizungushe kwanza kinyume hadi usikie kijishtuko cha uzi wa skrubu kuangukia njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukilazimisha, unachonga njia mpya na mti unabaki unga.

Kukaza, yaani kufuata saa ukiitazama nati ya trasi rodi uso kwa uso, hupunguza tumbo. Kulegeza huliongeza. Nilishusha nyuzi kidogo, nikazungusha robo, nikatyuni, nikapima: 0.5. Robo nyingine: 0.35. Nikaacha hapo hadi kesho yake, maana mti unaendelea kujongea polepole baada ya chuma kukazwa. Asubuhi ilisoma 0.3. Nusu ya robo ikamaliza, 0.25.

Nati hiyo ikikataa kwa nguvu ya kawaida ya mkono na tumbo bado lipo, usiongeze bomba kwenye spana. Trasi rodi imefika mwisho au imeshika kutu, na kinachofuata ni kukatika ndani ya mti. Ikizunguka bure kila upande bila kupata upinzani wowote, huenda imeshakatika. Lakini trasi rodi za pande mbili zina eneo la katikati ambapo nati hulegea, kisha hukaza tena upande wa pili, kwa hiyo endelea kidogo kabla ya kuhukumu.

Shingo ilipokaa, urefu wa freti ya 17 ulikuwa umeshuka wenyewe hadi 2.1. Ndipo nikaigusa briji, kwa spana ya L ya milimita 1.5: E nyembamba 1.6, E nene 1.8. Fender wanasema 1.6 kote, lakini anayepiga ridhim kwa mkono mzito atanishukuru kwa hizo 0.2. Nati ya kichwani niliipima kwa kubonyeza freti ya 3 na kutazama nafasi juu ya freti ya 1: ibaki mwanga tu, si zaidi ya unene wa karatasi. Oktevu ya freti ya 12 huja mwisho kabisa. Noti ya freti hiyo ikiwa juu kuliko oktevu ya uzi mtupu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo.

Kulibaki mkwaruzo mmoja, freti ya 15, uzi wa B. Nilisimamisha ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu, ya 14, 15 na 16. Ikayumba: ya 15 ilikuwa imeinuka, nikaigonga taratibu kwa nyundo ya plastiki ikakaa. Atakayelipiga angekuwa mpiga solo wa rumba, anayeishi juu ya freti ya 12 sebene ikianza, ningekagua zote huko juu. Trasi rodi hufanya kazi zaidi kati ya freti ya 2 na ya 12. Kinundu pale shingo inapoungana na mwili haitakiondoa. Hicho ni kazi ya kusugua freti.

Kwa Dar au Mombasa, pima tena masika yakishika, na pima tena ukisafiri nalo kwenda Dodoma kukavu. Spana inayolingana nimeibandika kwa utepe ndani ya begi la gitaa, ili atakayefuata asijaribu na ya milimita 3.