Pesa iliyolala siku 28

Tangu nirudi Kigoma Oktoba 2025 sikatizi pale Mwanga sokoni bila kusimamishwa. Kaka nipe mchongo wa Uingereza. Kaka chuo chako wanachukua lini. Kaka ni kweli ukishuka tu unapata kazi? Mwingine ananitumia WhatsApp saa nane usiku, tangazo la ejenti, vijana wanacheka wamekaa kwenye majani mabichi, anauliza hiki ndo chuo ulichosoma wewe? Sa nimeona niandike yote hapa maana kila mtu namwambia kipande, na kile kipande kilichotutoa jasho nyumbani hakuna anayekiuliza, kile cha pesa kulala benki ili upate viza.

Nianze na majani niyamalize. Hayapo. Chuo chenyewe kina makao yake mbali huko kaskazini na huko majani yapo sana tu, lakini wengi wetu tuliotoka nje tulisoma kampasi yao ya London, ambayo ni ghorofa tatu za kupanga ndani ya jengo la ofisi maeneo ya Aldgate. Chini kuna mgahawa wa kahawa, juu yetu kampuni ya bima, na mlango wetu upo katikati kama mlango wa lojing. Unagonga kadi, geti linafunguka, unapanda lifti na watu wa bima wamevaa suti wanakuangalia begi. Siku ya kwanza nilipiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, mjomba akajibu, "Hapo ni chuo au benki?" Nikatafuta kona nyingine nikapiga tena, akajibu, "Hiyo ni benki." Nikaacha. Mpaka leo picha yangu iliyopo ukutani kwa mama nimesimama kwenye bustani ya watu, sijui hata ni ya nani, ilikuwa na maua.

Uwanja wa mpira hamna, bweni hamna, kengele hamna. Vipindi Jumatatu na Jumanne tu, siku zilizobaki unajua mwenyewe. Ile kadi ya mlangoni ndo mahudhurio yako, ukipotea vipindi vingi chuo kinalazimika kukuripoti uhamiaji, kwa hiyo watu walikuwa wanakuja na homa zao wanakohoa darasani ilimradi kadi imegongwa. Na darasani kwenyewe Wanigeria, Wahindi, Wapakistani, Wanepali, Mghana mmoja, mimi. Mwalimu wa takwimu Mgiriki. Nimeenda Uingereza nimerudi naelewa Kiingereza cha Lagos vizuri kuliko cha London, sidanganyi.

Haya tuje kwenye pesa.

Ada sitaiongelea sana, ilimalizana na kiwanja cha marehemu baba pale Gungu pamoja na akiba yangu ya miaka saba ya ukarani. Nilidhani nimemaliza. Kumbe ukishalipa ada watu wa viza wanataka uwaonyeshe pesa ya kuishi, na kwa London mwaka 2024 ilikuwa paundi 1,334 kwa mwezi mara miezi 9, jumla 12,006. Piga kwa shilingi ya wakati ule ni milioni arobaini na kitu. Sio uwape, uwaonyeshe tu. Ila iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo hata siku moja, na iwe akaunti yako au ya mzazi, mjomba hahesabiki. Yaani mjomba aliyenilea tangu darasa la tatu, mwenye Fuso yake, pesa yake kwao si pesa mpaka ihamie kwa mama, na kwa mama tupeleke cheti changu cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali.

Sasa mama angu ni mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, na kama unatoka hapa unajua pesa ya dagaa haijui kulala. Dagaa wanavuliwa giza. Mitumbwi inaingia usiku na taa, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi wako mchangani na kwenye chanja za kuanikia. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, dagaa wametawanyika, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu. Kwa hiyo mwaka wa mama hauna Januari na Februari, una giza na mbalamwezi. Giza pesa inatoka mfukoni inaenda kwa wavuvi, inakaushwa, inaingia kwenye magunia, inapanda gari kwenda Dar na Kahama, mbalamwezi inarudi kidogo kidogo kwa simu, giza jipya inatoka tena. Nikamwambia mama, wanataka ilale siku 28. Akahesabu vidole akanyamaza. Halafu akasema, "Hizo si siku, hilo ni giza zima na mbalamwezi yake."

Mwezi mzima wa biashara, na kweli. Mimi nilikuwa naiona kama namba ya kwenye fomu.

Kilichotuokoa ni ziwa kufungwa. Mnakumbuka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika samaki wazaliane, sisi na wenzetu wa nchi jirani tunaochangia ziwa. Mji ulipoa, Kibirizi mchanga umelala mtupu, mama lishe wamefunga. Mama akasema basi kama pesa haina kazi ziwani ikalale huko benki. Ila msidhani ilikuwa bure. Wenzake wenye akili walinunua magunia Aprili wakajaza stoo, wakijua ziwa likifungwa bei itapanda, na ilipanda. Mama alikuwa na mpango huohuo, aliuacha. Julai tunapita kwa jirani yetu mmoja anapakia magunia kwenye gari anacheka na simu, mama anaangalia pembeni. Hakuwahi kunisema. Ila kila gari likiondoka alikuwa ananitajia bei, hivihivi tu, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Tulianza kuhesabu tarehe 3 Juni. Mimi nilikuwa na karatasi ukutani nakata siku kwa kalamu nyekundu kama mfungwa. Tarehe 20 nipo kazini, siku ya kumi na nane, shangazi yake mama akafariki Ujiji. Sa mtu kafiwa na shangazi aliyemlea, msiba uko Ujiji, watu wanataka kula, sanda, gari, wewe utamwambia asitoe hela kwa sababu ya fomu? Hakuniuliza na mimi nisingeweza kumzuia. Alitoa laki sita. Nilimkuta matangani amekaa na kina mama wenzake kwenye mkeka, akaniona tu usoni akajua nimejua, akasema, "Tutaanza upya mwanangu." Basi. Tukaanza upya, mjomba akaongeza laki sita na nyingine juu, maana tulikuwa tunaweka shilingi wao wanahesabu kwa paundi, paundi ikipanda kidogo siku unayotuma maombi umekwisha.

Siku 28 zikakamilika Julai 20. Na hapo nako husinzii, ile stetimenti isipite siku 31 kabla hujatuma maombi. Nikalipa viza paundi 490, nikalipa ile ya matibabu ambayo ni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, unailipa kabla hata hujaumwa, nikashika basi mpaka Dodoma na kutoka hapo nikapanda treni mpya ya umeme, ndo wiki ileile imeanza Dar Dodoma, watu wa ndani wote wanajipiga picha. Mimi mtoto wa mwisho wa reli, nimezoea treni yetu ya kulala njiani mpaka unajuana na behewa zima, hii nikafika Dar hata chai sijamaliza. Alama za vidole dakika kumi. Viza ikatoka Agosti, siku chache kabla ya ziwa kufunguliwa, na kitu cha kwanza mama alichouliza kwenye simu sio hongera, ni "Sasa naweza kutoa?"

Huko kusoma kwenyewe niseme nini. Vitu viwili vitatu.

Alama zao zitakuua na presha. Asaimenti ya kwanza nilipata 62, nikakaa kitandani nguo sijavua. Nikampigia mama nikamwambia ukweli. "Sitini na mbili? Na pesa yote ile?" Baadaye ndo naelewa masta kwao 50 umefaulu, 60 ni nzuri, 70 ndo vidume, na zaidi ya hapo ni watu wa kuhesabu. Jaribu kumweleza hivyo mtu aliyezoea kuona mia kwenye daftari la mwanae.

Kazi unaruhusiwa masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Kima cha chini kilikuwa paundi 11.44 kwa saa, Aprili 2025 kikapanda 12.21. Chumba changu huko Ilford, pembeni ya London, kilikuwa paundi 650 kwa mwezi, jiko mnagombania watu sita. Fanya hesabu mwenyewe usiniulize. Na kuna mtego, watu wa masta ile miezi ya kiangazi ambayo mnaona hakuna vipindi mnadhani ni likizo, kumbe unaandika disetesheni na kisheria bado ni masomo, masaa ni yaleyale 20. Kuna jamaa wa darasani kwetu alijisahau, sitaki kusema iliishaje.

Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Sio mawingu, giza. Nikamwonyesha mama kwenye video nimesimama nje ya stesheni ya Whitechapel taa zinawaka, saa kumi na nusu. Akaniuliza, "Giza lote hilo na hakuna anayevua?"

Halafu pale pale Whitechapel kuna maduka ya Wabangladeshi, siku moja natoka kipindini nimechoka, nikapigwa na harufu ya samaki wakavu nikasimama katikati ya njia mpaka mtu akanigonga na kigari cha mtoto. Wana visamaki vyao vidogo kabisa, vikavu, kwenye paketi. Nikanunua, nikakaanga na kitunguu na nyanya. Vina mchanga, havina mafuta ya dagaa wetu, nilikula vyote.

Ya mwisho ndo hii. Muhula wa pili tulikuwa na somo la fedha, siku hiyo tunafundishwa mzunguko wa mtaji, kwamba shilingi ikitoka mfukoni inakaa siku ngapi kwenye mali, siku ngapi kwa mdeni, mpaka irudi. Mwalimu akauliza nani ametoka familia ya biashara, nikanyoosha mkono, akasema tupe mzunguko wenu ni siku ngapi. Nikamwambia inategemea na mwezi. Akasema Januari au Julai? Nikamwambia hapana, mwezi wa juu. Darasa kimya. Akauliza kwa heshima kabisa kama ni mambo ya imani. Nikaenda ubaoni nikachora taa, mtumbwi, mwezi, na zile siku 28 za viza nikaziweka juu yake, zikafunika giza lote. Mnigeria mmoja nyuma akapiga meza. Yeye naira ilivyoanguka pesa ya baba yake ya ada ilibaki nusu, ikiwa imetulia tu benki haijaguswa na mtu. Siku ile tulikaa mpaka watu wa usafi wakatufukuza, kila mtu anachora ya kwao, shamba la nani limewekwa rehani, dhahabu ya mama wa nani iko benki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pesa ambayo haikuwa na kazi nyingine kabla. Kwenye mahesabu ya ejenti hiyo safu haipo, wameandika ada, viza, nauli, chumba. Mimi na mama tulikaa tukaijaza wenyewe nilivyorudi: magunia ambayo hayakununuliwa Aprili, mara bei ya Julai. Namba siitaji hapa, mama atanichapa.

Mtaani wanasema nimefukuzwa. Sijafukuzwa jamani, kulikuwa na viza ya kubaki miaka miwili baada ya kumaliza, nilipoiangalia ilikuwa paundi 880 na ya matibabu 1,035 kwa mwaka mara mbili, karibu elfu tatu, ili nikaendelee kupanga maboksi usiku. Wapo walioichukua na wako sawa tu, kila mtu na hesabu zake. Mimi nilijua hiyo pesa Kibirizi inafanya nini kwa giza moja.

Juzi kuna dogo wa Katubuka kaja mpaka chanjani, kaleta barua ya chuo, ya London hiyohiyo, na baba yake kamtuma aongee na mama sio mimi, maana wamesikia mama ndo anajua habari za kulaza pesa. Dogo kasimama pale na bahasha yake, mama hajainua hata kichwa, anageuza dagaa. "Mwambie baba yako aje mbalamwezi," akamwambia, "sa hivi tuna kazi."