Seti za LEGO zilizotumika: kwa nini mimi wa Tanga sinunui maboksi yaliyofungwa

Kila ninapoweka mtandaoni tangazo la seti ya LEGO, yaani boksi la matofali madogo ya plastiki ya kuchezea yanayounganishwa kuwa kitu kimoja, hupata ujumbe wa kijana anayeomba ushauri. Amesoma mahali kwamba seti hizi hupanda thamani kuliko dhahabu, ana akiba yake kidogo, naye anataka kununua maboksi mapya, ayafungie kabatini miaka mitano, kisha ayauze. Jibu langu huwa ni lile lile, na leo nimeona niliandike kwa kirefu: kwa mtu anayeishi Tanga, faida haimo katika boksi lililofungwa, bali imo katika seti iliyokwisha kuchezewa na watoto wa watu, ikaingia nchini ndani ya belo la mtumba, kisha ikakamilishwa kipande kwa kipande na mtu mwenye subira.

Habari za kupanda bei si uzushi. Kampuni ya LEGO, iliyoanzishwa mwaka 1932 katika mji wa Billund nchini Denmaki, haiuzi seti moja siku zote. Nyingi hukaa madukani kwa mwaka mmoja na nusu au miwili hivi, kisha hazitengenezwi tena, na anayeitaka baada ya hapo hana budi kuinunua kwa mtu aliyeiweka. Watafiti wawili wa Moscow, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walizichunguza bei za seti 2,322 za miaka ya 1987 hadi 2015, wakakuta kwamba kwa wastani faida ilifika angalau asilimia 11 kwa mwaka. Wengi huishia kwenye wastani huo. Hawaulizi ni seti ngapi zilipata hasara ndipo nyingine zikaubeba wastani, wala hawaulizi kama bei hizo, ambazo ni za masoko ya ng'ambo, zinamhusu mtu ambaye boksi lake litavuka bahari mara mbili kabla ya kupata mnunuzi.

Tena mwenye kuficha boksi hana sauti juu ya jambo ambalo kampuni italiamua kesho. Seti ya Taj Mahal, namba 10189, ilitoka mwaka 2008 ikiwa na vipande 5,922, na baada ya kuondolewa madukani bei yake ilipanda mara kadhaa ya ile ya awali. Mwaka 2017 kampuni ikaitoa upya kwa namba 10256, ikiwa karibu sawa kabisa na ya kwanza, na bei ya maboksi ya zamani ikaporomoka. Mwaka huo huo ikatoka seti mpya ya Millennium Falcon, chombo cha angani cha filamu za Star Wars, yenye vipande 7,541, ilhali wapo waliokuwa bado wameshikilia ile ya mwaka 2007 yenye vipande 5,195 kama hati ya kiwanja.

Hapa kwetu yapo mengine zaidi. Boksi jipya likiingia nchini linalipiwa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo unaanza biashara ukiwa tayari umeachwa nyuma na mwenzako wa Uingereza aliyelinunua kwa punguzo dukani. Kisha kuna hewa yetu ya pwani. Mnunuzi wa boksi lililofungwa analipia kadibodi na gundi kama anavyolipia vipande vilivyomo ndani. Pembe ikibonyea au doa la kuvu likitokea, bei inashuka papo hapo. Atakayeweka maboksi ndani ya chumba cha kawaida cha Chumbageni au Makorora, na masika mbili tatu zikapita juu yake, ataona mwenyewe kadibodi inavyolegea na muhuri wa pembeni unavyobanduka. Plastiki, kinyume chake, haijali unyevu. Inachoogopa ni jua, na jua ni rahisi kulikinga.

Ndiyo maana mimi huenda Ngamiani asubuhi mabelo ya vitu vya watoto yanapofunguliwa. LEGO haziji zikiwa seti. Huja zimechanganyika na magurudumu ya magari, wanyama wa plastiki, vidoli visivyo na mikono na matofali ya kampuni nyingine, na wauzaji huzipanga kwa mafungu chini ya turubai. Mama mmoja ninayenunua kwake mara kwa mara huniwekea mfuko pembeni. Nikimwamkia, kabla sijauliza bei, huniambia, "Marahaba mwanangu, leo vimekuja vile vidogo vidogo vyako, vichukue vyote, mimi vinanijazia meza tu." Navichukua vyote kweli, kwa sababu katika kazi hii kipande kinachoonekana takataka ndicho kinachoweza kukosekana nyumbani.

Kutambua seti iliyovunjwa ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha faida na hasara. Kwanza nageuza kila kipande na kutazama vile vinundu vya juu. Tofali halisi lina jina LEGO limechongwa juu ya kila kinundu, kwa herufi ndogo ambazo ukizipitishia ukucha unazihisi. Lisilokuwa nazo linaenda kwenye ndoo nyingine. Baada ya hapo naangalia upande wa chini, ambako vipande vingi vina namba ya umbo: tofali la kawaida la vinundu viwili kwa vinne, kwa mfano, ni 3001. Namba ya umbo haikuambii seti, kwa kuwa umbo moja hutumika katika seti mamia, lakini kipande chenye rangi adimu au chenye mchoro uliochapwa kinakuambia mengi, na watu wadogo, yaani vile vidoli vya watu vinavyokuja na seti, wanakuambia zaidi. Kiwiliwili kimoja chenye mchoro safi kinaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye seti mbili au tatu tu.

Katika fungu moja lililojaa vipande vya kijivu nilikuta kidoli kizima cha Chewbacca, yule mhusika mwenye manyoya wa Star Wars, na mifuko iliyofuata kutoka kwa mama yule yule ikawa na kijivu kile kile. Orodha za vipande zilizo mtandaoni zilinielekeza kwenye seti 7965, Millennium Falcon ya mwaka 2011, yenye vipande 1,254 na watu sita. Hapo ndipo jicho linapohitajika, kwa sababu karibu na mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu chake: kile cha zamani kina umanjano kidogo, kipya kina ubuluu. Ukiviweka viwili bega kwa bega karibu na dirisha mchana utaona tofauti, na mkusanyaji wa kweli huiona hata kwenye picha. Kipande cha kijivu cha zamani hakiwezi kuwa cha seti ya mwaka 2011, hata kama umbo lake ni lile lile, na kukiingiza humo ni kumdanganya mnunuzi.

Kuosha hakuna siri kubwa. Kampuni yenyewe inashauri maji yasiyozidi nyuzi joto 40 na sabuni laini. Vyenye stika havilowekwi, na vyote naanika juu ya kanga kivulini, kwani jua la saa saba hugeuza cheupe kuwa cha manjano.

Vinavyopungua navitafuta BrickLink, soko lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya LEGO mwaka 2019, ambako unaweza kuagiza hata kipande kimoja kwa namba na rangi. Gharama ya posta ndiyo inayouma, kwa hiyo nakusanya mapungufu ya seti kadhaa na kuyaagiza kwa pamoja kwa muuzaji mmoja. Soko hilo linanifaa kwa jambo jingine pia: linaonyesha bei ambazo seti zimeuzwa kweli katika miezi sita iliyopita, za mpya na za zilizotumika kila moja mbali. Wengi wetu hupanga bei kwa kutazama matangazo, ilhali tangazo ni matumaini ya muuzaji tu, na seti inaweza kutangazwa mwaka mzima bila kupata mteja.

Tangazo langu huwa refu kuliko desturi ya Instagram na Kupatana. Napiga picha za kila mtu mdogo mbele na nyuma, naonyesha ufa wa pembeni mwa kiwiliwili kama upo, na nataja kilichopungua kwa namba na rangi. Seti ikiwa na kipande cha kampuni nyingine, naandika hivyo. Bidhaa za kuiga zipo tele. Kiwanda kilichotengeneza zile za chapa ya Lepin kilivamiwa na polisi wa China mwaka 2019, lakini matofali yake yaliyokwisha kusambaa bado yanazunguka ndani ya mabelo. Mnunuzi wa Dar es Salaam hawezi kushika kitu kilicho Tanga, hivyo maelezo yangu ndiyo mikono yake, na wateja wanaorudi kwangu hurudi kwa sababu ya orodha ile ya mapungufu, wala si kwa sababu ya bei.

Malipo hupokelewa kwa simu, mzigo unapanda basi la asubuhi, na picha ya risiti ya kifurushi inatumwa kwa mteja kabla basi halijafika Segera. Seti ambayo baada ya miezi sita bado haijakamilika naivunja tena: watu wadogo wanauzwa peke yao, vipande adimu vinaingia kwenye akiba ya kukamilishia nyingine, na matofali ya kawaida yanauzwa kwa kilo kwa wazazi na shule za chekechea, ambako hakuna anayeuliza kijivu hiki ni cha mwaka gani.