Loki 29 za Caen Hill
Leo ni kushuka kwa boti kwenye mfereji wa Caen Hill, Devizes, Uingereza. Loki 29 (vyumba vya maji vyenye milango, vya kushushia boti), mita 72 kwenda chini.

Loki hizi ni pana. Boti mbili nyembamba zinaingia ubavu kwa ubavu, kwa hiyo subirini mwenzenu: maji yanaokolewa, mikono inaongezeka.

Balaa liko nyuma ya boti. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti, na mstari mweupe ukutani unaonyesha kinapoishia. Leo kwenye loki moja ukoga ulikuwa umeufunika karibu wote!

Tezi (sehemu ya nyuma) ikikalia kizingiti, omo (sehemu ya mbele) inazidi kushuka na maji, boti inazama. Ikikwama, funga vilango vya chini (vya kupitishia maji) kwanza, ndipo ufungue vya juu taratibu.

Kamba nayo usiipige fundo, boti itaning'inia.

Waliowahi kupita, mlitumia saa ngapi?