Ruzuku za kukabili silaha na droni: andiko hufia kwenye mstari wa vifaa

Tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili aina ya Strela-2 yalirushwa kuilenga ndege ya abiria ya Arkia iliyokuwa imetoka tu kuruka Mombasa. Yote mawili yalikosa. Tangu mwaka uliofuata, Marekani imezisaidia nchi washirika kuharibu zaidi ya makombora 40,000 ya namna hiyo, yale ya kubebwa begani, na ofisi inayotoa ruzuku za kazi hiyo katika Wizara yake ya Mambo ya Nje, ile ya kuondoa na kupunguza silaha, inajulikana kwa kifupi chake, PM/WRA. Ndiyo hiyohiyo inayofadhili uteguaji wa mabomu ya ardhini, ukarabati wa maghala ya silaha na upigaji alama bunduki. Droni sasa zimeingia fungu hilo, na haishangazi: kombora la begani na droni ya dukani yenye mzigo wa baruti vyote vinatisha anga ya chini, na vyote hupita mpakani ndani ya gari la kawaida.

Waombaji wengi hutumia kurasa nzima kueleza tishio. Msomaji wa wizara analijua tishio. Anachokitafuta ni iwapo vifaa ulivyoorodhesha vinaruhusiwa, vina mwenyewe, na vitafanya kazi fedha zikiisha.

Kwanza, usajili, maana hapo hupotea wiki nyingi kabla hata ya kuandika. Shirika lililo nje ya Marekani huomba kwanza namba ya NCAGE, ya kulitambulisha shirika na anwani yake, kisha ndipo lijisajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wapokeaji wa fedha zake, na kupata UEI, namba ya utambulisho iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, DUNS, Aprili 2022. Jina na anwani lazima vilingane herufi kwa herufi kote. Kule umeandika "Road", huku "Rd", na maombi yanakwama. Sanduku la posta halikubaliki kuwa anwani ya mahali ulipo. Kuwa na UEI peke yake si usajili kamili, na usajili wenyewe huisha baada ya siku 365. Anayeanza siku tangazo linapotoka huwa amechelewa.

Sasa bajeti. Kifaa kimoja chenye bei ya dola 10,000 au zaidi na kinachodumu zaidi ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa mtambo. Chini ya hapo ni vitendea kazi. Tofauti hii inagusa mfuko wako moja kwa moja. Shirika lisilo na kiwango kilichokubaliwa na serikali ya Marekani cha gharama za uendeshaji, zile zisizo za mradi mmoja moja kwa moja, linaweza kudai hadi asilimia 15, lakini si ya bajeti nzima: mitambo hutolewa kwanza, na mkataba wa kila shirika dogo unaloligawia fedha huhesabiwa hadi dola 50,000 za mwanzo tu. Chukua gharama za moja kwa moja za dola 500,000, ambamo rada na vinasa ishara, yaani vifaa vya kunasa mawimbi ya redio ya droni, vimekula 300,000, vyote vikiwa mitambo. Asilimia 15 inapigwa kwenye 200,000 zilizobaki, yaani 30,000. Aliyepiga kwenye jumla yote ameandika 75,000, na pengo la 45,000 lilikuwa mshahara wa mhasibu wake.

Halafu kuna vitu vilivyopigwa marufuku. Kanuni ya 2 CFR 200.216, mojawapo ya kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, inazuia fedha za ruzuku kununua vifaa vya mawasiliano na kamera za ulinzi kutoka Huawei, ZTE, Hikvision, Dahua na Hytera. Ukienda kwa fundi yeyote kuomba bei ya kamera nane za ghala la silaha, uwezekano ni mkubwa ankara itarudi na jina mojawapo kati ya hayo, au kamera yenye jina jingine ila matumbo ni yaleyale. Taka jina la mtengenezaji wa kifaa chenyewe, kwa maandishi.

Droni zina mtego wake. Sheria ya Marekani iliyopitishwa Desemba 2023 inazuia fedha za serikali kuu, zikiwemo ruzuku, kununua au kurusha droni za makampuni ya China, na kwa ruzuku ilianza kubana miaka 2 baadaye. Huku mafunzo ya kukabili droni yanahitaji zilezile anazozitumia mhalifu. Ipo milango ya ruhusa maalumu, ila ruhusa huombwa mapema na kwa sababu zilizoandikwa. Njia nyepesi zaidi, kwa maoni yangu, ni kumfundisha askari kuvisoma vipande vya droni iliyookotwa: namba za mota, ubao wa kuongozea, kadi ya kumbukumbu. Mfuko wa kuhifadhia ushahidi na kamera ya kawaida vinatosha kuanzia, na havihitaji ruhusa ya mtu.

Kifaa cha kuvuruga mawimbi ndicho kila mtu hukitaka na ndicho kinachochelewesha zaidi. Mara nyingi kinahitaji kibali cha kusafirishwa kutoka Marekani, na kule kinakokwenda kinahitaji idhini ya mamlaka ya mawasiliano. Droni nyingi za dukani huongozwa kwa masafa ya 2.4 na 5.8 GHz, ambayo ndiyo ya Wi-Fi. Ukikiwasha karibu na hospitali au kiwanja cha ndege unajitafutia kesi. Juu ya hayo, droni zinazoongozwa kwa uzi wa nyaya za kioo, kama zinavyotumika vita vya Ukraine, hazina ishara ya redio ya kuvuruga, na kinasa ishara hakizisikii. Andiko lenye aina moja tu ya kitambuzi linaonyesha mwandishi amesoma kipeperushi cha muuzaji. Weka rada ndogo au kamera pembeni, kisha betri za akiba, antena na leseni ya programu kwa angalau mwaka mmoja baada ya mradi.

Kwa maghala, kinachokataa ni ardhi. Miongozo ya kimataifa ya risasi, IATG, hukokotoa umbali wa salama hadi nyumba za watu kwa kuzidisha 22.2 kwa kipeuo cha tatu cha uzito wa baruti kwa kilo. Kilo 1,000 ni mita 222. Kilo 8,000 ni mita 444, na vipo viwango vya chini ambavyo huwezi kushuka. Ghala lenye vibanda mita 80 toka ukutani haliponi kwa kubadilishiwa mlango. Omba fedha za kuhamisha au kuharibu risasi chakavu.

Majina ya askari watakaofunzwa hupitia uchunguzi wa haki za binadamu chini ya sheria ya Leahy, ile ya Marekani inayozuia msaada kwa vikosi vilivyokiuka haki hizo vibaya: jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, cheo, kikosi. Jina moja lililokosewa herufi linaweza kumwacha mtu nje ya darasa. Peleka majina ya akiba.

Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa ghafla, ya uteguaji mabomu ikiwemo. Mkataba na muuzaji usiokuwa na kifungu cha kusitisha unakubakiza na deni la rada ambayo haijapakiwa melini. Lipa kwa awamu, na malipo ya awali yawe madogo.