Siku moja maishani mwangu: Nilipowapeleka wanafunzi 32 kwenye tamasha la vyakula vya baharini

Saa 10:30 alfajiri. Nafundisha baiolojia sekondari, na siku ya safari usingizi hunikimbia. Kabla ya kunywa chai napitia tena fomu za wazazi, hasa sehemu ya mzio. Wanafunzi wawili hawali kamba wala kaa. Majina yao nayaandika kiganjani kwa kalamu, maana kwenye pilikapilika karatasi hupotea.

Saa 12:00. Tumehesabiana mara mbili, basi limeondoka. Ndani ya basi natoa sharti moja tu: kila mtu arudi na jibu la swali alilomuuliza mtu mwenye mikono inayonuka samaki. Si mimi, wala si simu.

Saa 2:15. Tunaanzia kwenye miamba, maji yakiwa yamekupwa. Tarehe hii niliichagua kwa kuangalia jedwali la kupwa na kujaa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukikosea siku chache unakuta miamba yote imefunikwa. Kome wamejibana, makombe yamefungwa, wanasubiri bahari irudi. Nawaambia wanafunzi kwamba kome hula kwa kuchuja maji, hivyo vijidudu na sumu za mwani zilizomo majini huingia mwilini mwake pia, na sumu hizo haziharibiki kwa kupikwa. Ndiyo sababu kome na chaza wa kuuza hutakiwa watoke kwenye maji yanayopimwa.

Saa 3:30. Tamasha limefunguliwa. Meza zimejaa barafu: jodari, ngisi, pweza, kamba, kaa waliofungwa magando. Kijana mmoja anamuuliza mama wa meza ya kwanza, "Mama, huyu samaki ni wa leo?"

"Usiniulize mimi, mwanangu. Muulize mwenyewe. Mtazame jicho."

Jicho limejaa na linang'aa, halijazama. Mama anafunua matamvua, mekundu kabisa. Anambonyeza samaki ubavuni kwa kidole, nyama inarudi palepale. Somo hilo huwa nalifundisha kwa vipindi viwili, yeye kalimaliza kwa dakika moja. Kwenye meza ya pili pweza anapasuliwa, nami nawaeleza kwamba alikuwa na mioyo mitatu: miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua, mmoja wa kuisambaza mwilini. Damu yake huwa ya buluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu.

Mwingine anauliza kama kamba wale wamevuliwa au wamefugwa. Wamefugwa. Ni swali zuri kuliko alivyodhani: kwa takwimu za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, 2022 ndio mwaka wa kwanza ambapo wanyama wa majini waliofugwa walizidi waliovuliwa.

Saa 5:00. Mvuvi anatuonyesha mitego na nyavu. Anapitisha kidole kwenye tundu la wavu, kisha anasema kwamba ukubwa wa tundu ndio unaoamua nani atabaki baharini kuzaa. Anamgeuza kaa: kifuniko cha tumbo chembamba ni dume, kipana ni jike. Jike mwenye mayai, yeye humrudisha majini.

Saa 7:00. Chakula, na hapa ndipo moyo uliponipasuka. Mmoja wa wale wawili wenye mzio alishanunua samaki wa kukaanga, akaona yuko salama. Nikamwahi kabla hajatia mdomoni, nikamuuliza mpishi: mafuta haya mmekaangia nini kingine? Kamba, tangu asubuhi. Protini inayoleta mzio huo haiharibiki kwa moto wa kikaango, na mafuta yanaihamisha. Tukatafuta samaki wa kuchoma kwenye wavu safi. Nasisitiza kwa walimu wenzangu: fomu peke yake haitoshi, ulizeni habari ya mafuta.

Saa 8:30. Kuna binti ambaye muhula mzima sijamsikia akinyoosha mkono. Alikuwa amesimama mbele ya mzee anayesafisha samaki, kimya, kwa muda mrefu. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, huyu ana miaka mingapi?"

Mzee akaweka kisu chini. Akamtazama. Kisha akakichukua tena, akapasua kichwa cha samaki kwa juu, akapekua kwa ncha ya kisu nyuma ya ubongo, akatoa vijiwe viwili vyeupe, bapa, kila kimoja kama ukucha wa kidole cha mwisho. Akavisuuza, akaviweka kwenye kiganja cha binti. "Watoto wangu walikuwa wakivichezea," alisema. "Sijui ni vya nini."

Mimi najua, na sikuwa nimepanga kabisa kulifundisha leo. Ni mawe ya sikio. Humsaidia samaki kusikia na kujiweka sawa majini, na hukua pamoja naye tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti: akikua haraka, pete pana, akikua polepole, pete nyembamba. Wataalamu huyakata, huyasugua, kisha huhesabu. Mzee aliacha kazi akasikiliza. Halafu akapasua kichwa cha pili, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

Saa 10:00. Basini wamelala karibu wote. Binti hajalala, ngumi imefumbwa.

Saa 3:00 usiku. Kaniazima kijiwe kimoja hadi kesho. Nimekitia kwenye kisahani cheusi chenye maji, taa pembeni, lenzi mkononi. Pete zinaonekana, ila za ukingoni zimesongamana. Nimefika ya saba, nikapotea. Naanza upya.