Volti ni urefu wa mnazi, si wingi wa nazi

Betri inasoma 12, mbona taa zinazima saa tatu usiku? Wenye sola na wenye mashua hapa Lamu huuliza hivyo kila mara, na kosa huwa lilelile: kuisoma volti kana kwamba ni geji ya mafuta.

Tazama mnazi. Kishindo cha nazi inayoanguka hutegemea urefu wa mti; huo urefu ndio volti. Idadi ya nazi ndiyo chaji. Zidisha urefu kwa idadi, umepata nishati. Kwa vipimo, volti 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kila kulombu 1 ya chaji. Panga betri 8 ndogo za tochi (saizi ya AA) za volti 1.5, moja nyuma ya nyingine: volti 12 hizo, lakini taa ya wati 12 haitadumu kwa muda wa saa mbili. Mti mrefu, nazi za kuhesabu.

Ampea 1 ni kulombu 1 kwa kila sekunde, hivyo betri ya ampea-saa 100 (ampea 1 kwa saa 100) ina kulombu 360,000. Mara volti 12, ni jouli 4,320,000, yaani wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usiteremke chini ya nusu, la sivyo utaiua mapema. Zimebaki wati-saa 600: friji inayokula wastani wa wati 50 itakwenda saa 12, basi.

Volti hushuka kadiri chaji inavyopungua, ila kidogo mno. Betri ya asidi iliyojaa husoma kama 12.7, nusu, 12.2, ikifika 11.9 imekaribia kuwa tupu. Kwa hiyo ile "12 kamili" inayofurahiwa ni betri iliyokwisha kupita nusu! Chomoa paneli na mzigo (vyombo vinavyokula umeme), iache ipumzike saa kadhaa, ndipo upime. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 usijisumbue: hukaa 13.2 hivi karibu muda wote, kisha huanguka ghafla. Hiyo hesabu ampea-saa zake.

Halafu kuna chumvi ya bahari. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ukiongeza ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.1 tu, mzigo wa ampea 20 hupoteza volti 2 papo hapo, na wati 40 zinageuka joto. Washa mzigo, gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye kichwa chenyewe na ya pili kwenye kibano cha waya. Ikisoma volti 0.5 au zaidi, zima kila kitu, fungua waya hasi kwanza, piga brashi, kaza, kisha paka grisi.